Darubini Juu ya Bunduki ya Kijeshi: Shavu Kwanza, Skrubu Baadaye

Bunduki nyingi za kijeshi zilibuniwa kwa jicho linalolenga kupitia tundu la nyuma na kijiti cha mbele, na vyote viwili vimekaa chini, karibu na mtutu. Kitako kikachongwa kufuata hapo: ukilaza shavu, jicho linavikuta vilengeo vya chuma bila kutafuta. Sasa panda darubini juu yake. Kitovu cha lenzi kinainuka sentimita tatu, nne, wakati mwingine zaidi, na kitako kimebaki palepale. Mpigaji anainua kichwa, shavu linaachana na kitako, anaegemea kidevu au haegemei kitu. Anapiga risasi tano. Tatu zinakaa pamoja, mbili zinatoroka. Anailaumu darubini.

Mara nyingi darubini haina kosa. Kichwa kinachoelea hakirudi mahali pamoja mara mbili, na jicho likihama pembeni, msalaba wa ndani huonekana kuhama juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea. Kosa hilo huitwa paralaksi. Darubini nyingi zisizo na kirekebishi chake zimepangwa kiwandani kwa umbali wa karibu mita 100. Ukilenga karibu au mbali zaidi ya hapo, shavu lisilotulia linakutoza sentimita.

Majeshi yenyewe yaliligundua hili zamani. Lee-Enfield No. 4 (T) ya Waingereza, iliyobeba darubini No. 32 yenye ukuzaji wa 3.5, ilifungiwa kipande cha mbao kwa skrubu juu ya kitako. M1C na M1D za Marekani, aina za bunduki ya Garand zenye darubini, zilipewa mto wa ngozi uliofungwa kwa kamba, kwa sababu risasi za Garand huingia kwa juu na darubini ikabidi ihamishiwe kushoto; mto ule ulisukuma uso kuifuata. SVD ya Kisovieti, iliyoanza kutumika mwaka 1963, ina mto wa shavu unaobanduliwa ukitaka kutumia vilengeo vya chuma. Mosin-Nagant ya Kirusi yenye darubini ya PU haikupewa kitu. Ukiilaza begani leo utaelewa mara moja kwa nini wengi huitumia kwa kidevu.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ninaoufuata si ule wa watu wengi. Wengi hukaza pete zinazoshika darubini, hupima umbali wa jicho kutoka kioo cha nyuma, kisha baada ya wiki mbili hununua mto wa shavu. Mto unainua kichwa na kukirudisha nyuma kidogo, umbali wa jicho unabadilika, na kazi inaanza upya. Nimeifanya kazi hiyo mara mbili kwa bunduki moja, kwa hiyo najua ladha yake. Panga kimo, tengeneza mto, ndipo upime jicho, na skrubu zije mwisho.

Kabla ya kugusa bisibisi

Toa magazini. Vuta komeo, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, tazama chemba inapokaa risasi kwa jicho, kisha ingiza kidole, kwa sababu jicho huona linachotarajia kuona. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Katika kazi hii utaielekeza bunduki ukutani mara nyingi na kuweka uso wako juu yake tena na tena, na hakuna hatua hata moja kabla ya uwanja wa shabaha inayohitaji risasi.

Sheria za silaha hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Hakikisha kibali chako kinaifunika bunduki hiyo na kifaa unachotaka kuifungia.

Na kama bunduki yako ni ya zamani, namba za sehemu zake zinalingana na mbao ni zake za asili, usiitoboe. Tundu moja la skrubu halizibiki, na thamani yake kwa mkusanyaji haitarudi. Tafuta kishikio cha darubini kinachotumia matundu yaliyopo, hata kama kitakuwa kibaya kidogo wa sura.

Hatua ya 1: Tafuta chuma kisichocheza

Darubini ifungwe kwenye sehemu iliyoshikana na mtutu bila kuchezacheza, na kila aina ya bunduki ina mtego wake.

AR-15 yenye mgongo bapa ndiyo rahisi kuliko zote. Reli, chuma chenye mifereji ya kufungia vifaa, iko juu ya mwili wa bunduki, tayari. Kosa la kawaida ni kuweka pete moja kwenye mwili na nyingine kwenye kifuniko cha mkono cha mbele ili darubini isogee mbele. Sehemu hizo mbili hazisogei pamoja: mkono ukisukuma kifuniko, au kikipata joto, darubini nayo inapindwa. Tumia kishikio cha kipande kimoja chenye pete zinazochomoza mbele, na kisimame chote juu ya mwili.

AK ina kifuniko cha bati juu ambacho hutolewa kila unaposafisha. Usifunge darubini hapo. Kama bunduki ina reli ya ubavuni kushoto, tumia hiyo, na rekebisha wenzo wa kishikio mpaka ufungike kwa nguvu ya kidole gumba. Ukifungika kwa urahisi kama mlango wa kabati, umelegea. FN FAL ina tatizo la namna hiyohiyo, kwani kifuniko chake cha asili ni bati linaloteleza. Dawa yake ni kifuniko kizito zaidi chenye reli, kinachobanwa na skrubu zake.

M14 na ndugu zake za kiraia ndizo zinazochosha. Kishikio kinaning'inia ubavuni kwa skrubu moja kubwa, na mishtuko ya bunduki hiyo huilegeza. Vishikio vizuri hushika pia mahali pa kupachikia klipu, juu ya mwili, ili kuwe na sehemu zaidi ya moja ya kushika. Kagua skrubu hiyo kila unapotoka uwanjani, si mara moja kwa mwaka.

Kuhusu reli zenyewe, Picatinny, kipimo kilichowekwa na jeshi la Marekani mwaka 1995, ina mifereji yenye upana wa milimita 5.23 na nafasi ya milimita 10 kutoka kati ya mfereji hadi kati ya mwingine. Weaver ni ya zamani zaidi na mifereji yake ni myembamba, milimita 4.57. Pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny. Kinyume chake mara nyingi hakiwezekani, na usikilazimishe kwa tupa.

Hatua ya 2: Kimo

Hapa ndipo pesa hupotea, maana watu hununua pete kwa kuangalia picha.

Anza na upande wa chini kabisa unaowezekana. Lenzi ya mbele ya milimita 50 huwa na ganda la nje la karibu milimita 56 au 57, kwa hiyo kitovu cha darubini hakiwezi kuwa chini ya milimita 28 au 29 juu ya kitu kilicho chini ya lenzi hiyo. Ongeza nafasi ya kifuniko cha lenzi na pengo la milimita mbili au tatu. Halafu angalia nyuma: mkono wa komeo ukiinuka haugongi darubini? Komeo za kijeshi zilizonyooka pembeni hugonga, na ndiyo sababu bunduki za wadunguaji zilipindishwa mkono huo chini.

Sasa upande wa juu, ambao ni wa mwili wako. Fumba macho. Pandisha bunduki begani, laza shavu pale linapotaka kulala bila kubana, shingo ikiwa imetulia. Fumbua. Mwombe mtu mwingine apime kwa rula kimo kutoka juu ya reli hadi katikati ya mboni ya jicho lako. Rudia mara tano. Namba zitatofautiana kidogo. Chukua ya katikati. Kama uko peke yako, bandika kipande cha kadibodi chenye mistari juu ya reli na ujitazame kwenye kioo.

Tofauti kati ya kimo hicho na kitovu cha darubini ndiyo unene wa mto unaouhitaji. Milimita tano au chini ya hapo, huenda usihitaji mto, tafuta pete fupi kidogo. Milimita ishirini, unahitaji mto wa kweli, na soksi iliyofungwa kwa mpira haitoshi.

Kwa AR-15, kitako kimenyooka na mtutu, kwa hiyo jicho hukaa juu kiasili. Vishikio vya milimita 38 kutoka reli hadi kitovu vimezoeleka kwa sababu hiyo. Ukichukua pete fupi za bunduki ya kuwindia, utalazimika kukunja shingo kama kuku anayenywa maji.

Kuwa juu nako kuna bei. Katika AR-15 yenye kishikio hicho, mstari wa jicho uko karibu milimita 66 juu ya mtutu. Ukiwa umeipangia mita 100, risasi kwa mita 10 itapiga zaidi kidogo ya sentimita 5 chini ya unapolenga. Si kosa, ni jiometri.

Hatua ya 3: Mto wa shavu

Kama kitako chako kina kibao kinachopanda na kushuka, una bahati; ruka nusu ya sehemu hii.

Wengine anzeni na kadibodi. Kata vipande, virundike juu ya kitako, vifunge kwa utepe wa kupakia rangi, jaribu, ongeza, punguza. Usinunue kitu chochote mpaka kadibodi iwe imekupa jibu. Ni njia ya kimaskini, lakini kila kitako nilichowahi kukiona kimekaa vizuri kilianza hivyo.

Unapojaribu, tafuta mahali pa kulaza sehemu ya chini ya mfupa wa shavu, ule unaousikia ukipapasa chini ya jicho. Nyama ya shavu peke yake ni laini mno, na taya hufunguka na kufunga. Mfupa hauna ujanja. Kisha acha kichwa kiegemee kwa uzito wake, ambao ni karibu kilo tano, usiongeze nguvu ya shingo. Shingo inayobana huchoka baada ya dakika chache, na ikichoka inalegea bila kukuuliza.

Mambo matatu kuhusu umbo, kwa sababu mito mingi ya dukani huyasahau.

Mgongo wa mto uwe sambamba na mtutu, au ushuke kidogo kuelekea mbele. Bunduki inaporudi nyuma kwa mshtuko, sehemu ya mbele ya mto hupita chini ya shavu lako. Ikiwa ni ya chini, inakukwepa. Ikiwa mto unapanda kuelekea mbele, kila risasi ni kofi. Mtu akilalamika kwamba bunduki inampiga usoni, tazama hapo kabla ya kumlaumu kwa uoga.

Uwe mrefu juu lakini mwembamba ubavuni. Mto mnene upande wa shavu husukuma uso nje, na jicho linakaa pembeni mwa darubini. Ulinufaisha Garand kwa sababu darubini yake ilikuwa pembeni. Yako huenda iko katikati.

Na uache njia. Katika bunduki ya komeo, komeo lazima liweze kuchomolewa nyuma, la sivyo hutaweza kusafisha mtutu kutokea chemba. Katika AR-15, mkono wa kukokia unarudi juu ya kitako; mto uliosogea mbele sana unauzuia, hasa kitako kikiwa kimefupishwa. Jaribu bunduki ikiwa tupu, mara kumi, kabla ya gundi.

Kuhusu vifaa, sifongo ngumu yenye vitundu vilivyozibwa, ile ya mikeka ya kulalia nje, ni bora kuliko sifongo ya godoro. Ya godoro hubonyea, na kesho hubonyea zaidi. Rundika tabaka, bandika, zungushia bendeji inayojishika yenyewe au fuko la ngozi lenye kamba. Ngozi ni nzuri kwa joto na jasho, kamba zake zikazwe tena baada ya siku chache za kwanza kwani hunyooka. Kibao cha plastiki kilichopindwa kwa moto na kufungwa kwa skrubu mbili ndicho kinachodumu, lakini kinataka matundu kwenye kitako, na tumeshazungumza kuhusu bunduki za zamani.

Mto ukikaa, chora mstari wa penseli kwenye kitako pembeni mwake. Ukihama utajua.

Hatua ya 4: Umbali wa jicho

Sasa weka darubini kwenye nusu za chini za pete, fungia nusu za juu kwa kulegeza, kiasi kwamba darubini inateleza kwa mkono. Kabla ya hapo sogeza kila kishikio mbele ndani ya mfereji wa reli mpaka kigote, ndipo ukibane. Mshtuko wa kwanza wa bunduki hurudisha reli nyuma wakati darubini inataka kubaki. Ukiwa umeshagotesha, hakuna pa kuteleza.

Rekebisha kwanza kioo cha nyuma kwa jicho lako. Elekeza kwenye ukuta mweupe au anga tupu, mbali na jua, tazama kwa sekunde tatu tu, zungusha mpaka msalaba uwe mkali papo hapo. Ukitazama muda mrefu, jicho lenyewe hurekebisha na kukudanganya.

Ukuzaji uweke mwisho wa juu, kwa sababu hapo nafasi ya jicho ni finyu zaidi. Lala kifudifudi. Mkao huu huleta kichwa mbele kuliko mingine yote, na ndio unaopasua nyusi. Fumba macho, laza shavu juu ya mto, fumbua. Kivuli cheusi kinachozunguka sawasawa pande zote kinamaanisha uko mbali mno au karibu mno, sogeza darubini. Kivuli cha mwezi mwandamo upande mmoja kinamaanisha jicho liko pembeni au juu, na hiyo ni kazi ya mto. Usisogeze darubini kutibu ugonjwa wa mto.

Darubini nyingi hutaka milimita 75 hadi 100 kati ya jicho na kioo. Kwa bunduki yenye mshtuko mkubwa, chukua umbali wa mwisho ambao picha bado imejaa. Kisha kaa, simama, vaa koti nene, jaribu tena. Nguo nene hukusukuma nyuma sentimita moja au mbili. Ikibidi uchague, chagua mkao unaoutumia zaidi, lakini kifudifudi usikaribie nyusi.

Hatua ya 5: Kunyoosha msalaba

Kaza bunduki kwenye kishikizo, weka pimamaji kwenye reli mpaka tone likae kati. Ning'iniza timazi la mwashi mita 25 mbele yako, mahali pasipo na upepo. Zungusha darubini mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya kamba. Njia nyingine ni kusukuma rundo la karata kati ya reli na sehemu bapa iliyo chini ya vifundo vya darubini, mpaka zibane sawa pande zote.

Wengine husema tofauti ya digrii mbili tatu si kitu. Kwa mita 100 ni kweli. Lakini ukipandisha mil 5 (mil moja ni sentimita 10 kwa kila mita 100) kwa ajili ya mita 500 huku msalaba umeinama digrii 3, risasi itakwenda pembeni karibu sentimita 13, na utaapa ulikuwa upepo.

Hatua ya 6: Kukaza

Futa mafuta kwenye mrija, pete na skrubu. Kaza kwa mzunguko wa msalaba: moja, ya mkabala, ya tatu, ya nne, robo kwa robo, na pengo la pete lilingane pande zote. Darubini hupenda kujizungusha unapokaza upande mmoja, kwa hiyo tazama timazi baada ya kila mzunguko.

Skrubu za juu za pete kwa kawaida hutakiwa karibu Newton-mita 1.7 hadi 2. Nati kubwa za kushika reli mara nyingi ni 5 hadi 7. Karatasi ya mtengenezaji ikisema vingine, ifuate. Tumia bisibisi yenye kipimo. Mkono wa fundi aliyeshiba na wa yule mwenye njaa haukazi sawa. Ukipitiliza, mrija unabonyea, au kifundo cha ukuzaji kinaanza kuwa kizito, na hiyo ni dalili ya kulegeza mara moja.

Gundi ya skrubu, ile ya nguvu ya kati, iweke kwenye skrubu za kishikio zinazoingia kwenye mwili wa bunduki. Kwenye skrubu za pete siitumii: ikiwa mbichi inateleza kama mafuta, na kipimo kilekile cha bisibisi kinakaza zaidi ya ulivyokusudia. Weka tone la rangi ya kucha linalovuka kichwa cha skrubu na pete. Likipasuka, skrubu imesogea.

Hatua ya 7: Kuipatia sifuri, yaani risasi ipige unapolenga

Kwa bunduki ambayo komeo lake hutoka nyuma, litoe, tazama kupitia mtutu shabaha ya mita 25 au 50, kisha bila kuisogeza bunduki zungusha vifundo mpaka msalaba uangukie mahali hapohapo. Kwenye AR-15 unafungua bunduki na kutoa kibeba-komeo. M14 haina njia hiyo kutokea nyuma, kwa hiyo anza na karatasi kubwa kwa mita 25.

Piga risasi tatu kwa mita 25 ukiwa umeegemea kitu imara. Pima kutoka katikati ya kundi. Kliki, yaani mwaliko mmoja wa kifundo, ya mil 0.1 ni milimita 10 kwa mita 100, na kwa mita 25 ni milimita 2.5 tu. Kliki ya robo MOA (dakika ya pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii) ni karibu milimita 7 kwa mita 100, na chini kidogo ya 2 kwa mita 25. Wengi husahau kuzidisha kwa nne wakashangaa darubini "haisikii". Rekebisha, kisha nenda mita 100 na upige makundi ya tano.

Kabla ya kuondoka uwanjani, fanya jaribio moja zaidi. Piga tano ukiwa umeshika mkao mmoja bila kuinua uso. Kisha piga tano nyingine ukishusha bunduki na kuinuka baada ya kila risasi. Makundi yakilingana, mto umekaa. Kundi la pili likitawanyika, hasa juu na chini, rudi kwenye kadibodi na uongeze au upunguze milimita tatu. Likitawanyika la kwanza pia, shika bisibisi na uanze kukagua kishikio kutoka chini kwenda juu: skrubu za mwili, nati za reli, pete. Darubini yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa.